Kinga ya Jua Chini ya Poda

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo aghlabu hufanywa kwa haraka mbele ya kioo, na kwa sababu ya haraka hiyo hukosewa: namna ya kupaka usoni mafuta ya kukinga jua, yakakaa pamoja na seramu, losheni, faundesheni na poda, na bado yakafanya kazi iliyokusudiwa. Niitaje rai yangu mapema, ili msikilizaji asipate taabu ya kuitafuta. Naamini kwamba wengi waliokwisha kununua chupa ya mafuta haya hawapati hata nusu ya manufaa yake, si kwa kuwa chupa ni mbaya, bali kwa kuwa wanapaka kidogo mno, wanapaka mahali pasipo pake katika mpangilio wa vipodozi, na wakishapaka asubuhi hujihesabu kuwa wamemaliza kazi ya kutwa nzima.

Na jua letu si jua la kudharauliwa. Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na kwa hiyo kila mwaka jua hupita sawasawa juu ya utosi wa watu wake mara mbili, mwanzoni mwa Machi na tena katika siku za mwanzo za Oktoba, hata mtu akisimama uwanjani wakati wa adhuhuri kivuli chake humwishia miguuni. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha ukali wa miali ya urujuanimno, yaani ile miali ya jua isiyoonekana kwa macho, na linashauri watu waanze kujikinga tangu kipimo hicho kinapofika 3; nchi za ikweta, katika saa za mchana, hukiona mara nyingi kikifika 11 na kupita, ambayo ndiyo daraja ya mwisho ya ukali. Mawingu mepesi hayatoshi kuwa stara, kwani hadi asilimia 80 ya miali hiyo yaweza kuyapenya. Asiye na kipimo cha kitaalamu na atazame kivuli chake mwenyewe: kikiwa kifupi kuliko kimo chake, jua ni kali, na saa kali kuliko zote ni zile za tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, ambazo huleta zaidi ya nusu ya miali ya siku nzima.

Hapa aghlabu msemaji hukatizwa, akaambiwa kwamba Mwenyezi Mungu amekwisha kutukinga kwa weusi wetu, na mafuta haya tuwaachie Wazungu walioyatunga. Maneno haya yana ukweli ndani yake, nami sitaukana. Melanini, ile rangi iliyomo katika ngozi, ni kinga kweli kweli: uchunguzi uliochapishwa mwaka 1979 ulionyesha kwamba ngozi nyeusi ya juu hupunguza miali inayounguza kwa kadiri ya mara 13, ilhali ngozi nyeupe haifikii mara 4. Ndiyo maana saratani za ngozi zitokanazo na jua ni chache sana kwa watu weusi, na yeyote anayeuza mafuta haya kwa kuwatia hofu ya saratani akina mama wa Tanga na Lamu hasemi nao kwa insafu.

Lakini melanini ile ile inayotukinga na kuungua ndiyo hutuletea dhiki nyingine, nayo ni madoa. Ngozi nyeusi ikisumbuliwa, iwe na chunusi, na mkwaruzo, na krimu iliyoiwasha, au na mabadiliko ya mwili wakati wa mimba, hujibu kwa kuongeza rangi, na rangi hiyo hukaa mashavuni, juu ya mdomo na kwenye paji la uso kwa miezi, pengine kwa miaka. Jua huichochea. Na si miali isiyoonekana peke yake inayoichochea, bali hata nuru hii tunayoiona kwa macho. Mwaka 2010 matabibu wa hospitali ya Henry Ford, katika mji wa Detroit nchini Marekani, walichapisha utafiti ambamo waliangazia ngozi za watu kwa nuru inayoonekana. Wale wa ngozi nyeusi na maji ya kunde walipata weusi uliodumu kwa muda, na wale wa ngozi nyeupe hawakupata kitu. Jambo hili lilistahili kutangazwa barani Afrika kuliko mahali pengine popote, maana mafuta mengi ya kukinga jua, hata yaliyo bora, yametengenezwa yazuie miali isiyoonekana na kuiacha nuru ipite.

Hebu tufikiri mwendo wa mambo ulivyo. Mwanamke amejifungua salama, na mimba imemwachia madoa mashavuni. Huona haya, shoga humwelekeza dukani, akauziwa mkorogo uliochanganywa haidrokwinoni, au zebaki, au klobetasoli, vitu ambavyo katika vipodozi vimepigwa marufuku Kenya, Tanzania na Rwanda, na hata hivyo vinapatikana chini ya meza. Kwa wiki chache uso humtakata, naye hufurahi. Lakini mkorogo umeivua ngozi kinga yake ya asili, umeifanya nyembamba, na mwanamke huyu hutoka na uso huo usio na stara kwenda sokoni saa sita mchana. Madoa hurudi, na safari hii ni meusi zaidi, naye huongeza mkorogo. Zebaki nayo haikai usoni tu. Huingia mwilini ikadhuru mafigo, na huweza kumfikia mtoto anayenyonya. Moyo wangu huuma kila nikifikiri kwamba mama huyu, lau angaliambiwa tangu siku ya kwanza akinge uso wake na jua na nuru, kisha amwone daktari wa ngozi kwa yaliyobaki, angaliepushwa na taksiri yote hii.

Basi achague mafuta gani? Kwenye chupa kuna herufi tatu, S, P na F, na mbele yake nambari. Nambari hiyo ilienezwa na mwanakemia wa Austria, Franz Greiter, ambaye inasimuliwa kwamba aliungua na jua mwaka 1938 alipokuwa akipanda mlima Piz Buin katika milima ya Alps, na miaka ya baadaye, mwaka 1962, ndipo akapendekeza kipimo hicho. Inafaa tukumbuke asili hii, kwa sababu nambari hupima jambo moja tu, nalo ni kiasi cha miali ambacho ngozi iliyopakwa hustahimili kabla ya kuwa nyekundu, kikilinganishwa na ngozi isiyopakwa. Hupima, kwa maneno mengine, lile ambalo mpanda mlima mweupe huliogopa kwanza. Haitupi habari kamili ya miali ya aina ya A, ambayo hupenya vioo vya madirisha na vya gari, huingia ndani zaidi ya ngozi na huizeesha. Wala haituambii chochote juu ya nuru inayoonekana. Mafuta ya nambari 30, yakipakwa kwa kipimo chake, huzuia takriban asilimia 97 ya miali ya B inayounguza, na ya 50 huzuia asilimia 98. Tofauti hiyo ni ndogo, na anayeshindana na nambari hushindana na kitu kisicho kikubwa. La maana ni kutafuta maandishi yanayosema kwamba mafuta yanakinga miali ya A pia, na kwa mwenye madoa, kutafuta yaliyotiwa rangi ya udongo au kahawia, kwani rangi hiyo ni oksidi ya chuma, na oksidi ya chuma ndiyo inayozuia nuru. Rangi hiyo vilevile huondoa ule weupe wa kutisha unaoachwa usoni na oksidi ya zinki na ya titani, weupe ambao umewafanya dada zetu wengi wayatupe mafuta haya baada ya siku ya kwanza.

Sasa tuje kwenye kadiri ya kupaka, na hapa nataka tutulie, maana ndipo penye hasara kubwa. Nambari iliyo kwenye chupa ilipatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 juu ya kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Watu wakipaka kwa mazoea yao, aghlabu huishia kwenye robo au nusu ya kiasi hicho, na kinga hupungua pamoja nacho, hata mwenye chupa ya 50 akatembea na kinga ya chupa duni. Kwa uso wa mtu mzima kipimo ni kama robo ya kijiko cha chai. Na kwa uso na shingo pamoja, njia nyepesi ni kunyoosha kidole cha shahada na cha kati, ukachora mstari wa mafuta juu ya kila kimoja tangu chini hadi ncha, kisha ukayapaka yote. Yote, bila kubakiza. Kwa kuwa ni mengi kwa mkupuo mmoja, mstari wa kwanza upakwe, usubiriwe kidogo, ndipo ufuate wa pili. Masikio, kope, kingo za nywele na nyuma ya shingo visisahauliwe, na mwanamume mwenye upara ajue kwamba utosi wake ni sehemu ya uso kwa hesabu hii. Atakayetumia kipimo hiki kila siku, na akarudia mchana, atamaliza chupa ya gramu 50 kwa wiki tatu hivi au chini yake. Aliye na chupa iliyodumu tangu sikukuu mpaka sikukuu na ajiulize alikuwa akijipaka nini.

Mabibi zetu wa zamani hawakuwa na maabara, lakini katika jambo la kadiri hawakuwa na ubahili. Waliisaga liwa juu ya jiwe, wakaichanganya na mawardi, wakajipaka uso mzima ukaonekana kwa mbali. Wanawake wa Ngazija wana msindzano wao wa kupaka usoni hadi leo, na Wamakua wa Msumbiji wana msiro mweupe uchukuliwao katika mti. Sisemi kwamba vitu hivi vinatosha kuwa badala ya mafuta yaliyopimwa, wala mafuta ya nazi hayatoshi, ingawa mengi husemwa juu yake. Nasema tu kwamba aliyepaka liwa alijua kuwa kitu cha kustiri lazima kistiri, nasi tumelipoteza wazo hilo kwa kutaka kila kitu kizame kisionekane.

Mpangilio wa asubuhi ni huu. Uso huoshwa kwa maji na sabuni laini. Seramu hutangulia, na ile ya vitamini C hufaa asubuhi kwa kuwa husaidiana na kinga ya jua. Retinoli na tindikali za kuchubua ziwekewe usiku, na anayezitumia azidi kuwa na hadhari na jua, kwani baadhi yake huifanya ngozi iwe nyepesi kuungua. Losheni hufuata, na mwenye ngozi ya mafuta katika joto hili letu la kaskazi aweza kuiacha kabisa, maana mafuta mengi ya jua yana unyevu wa kutosha. Ndipo huja mafuta ya kukinga jua, nayo ni ya mwisho katika matunzo na ya kwanza chini ya mapambo. Yakishapakwa, yaachwe dakika 10 hadi 15 yajishike. Huo ndio wakati wa kuchana nywele, kuvaa, kunywa chai. Asiyesubiri ataona vyote alivyovipaka vikijiviringisha vichembe vichembe chini ya vidole vyake, akadhani kwamba mafuta hayapatani na faundesheni, kumbe hayakupewa nafasi ya kukauka. Faundesheni nayo isisuguliwe bali igongwegongwe taratibu kwa sifongo, ili isiyasukume yaliyo chini.

Wako wanaochanganya mafuta ya jua na faundesheni kiganjani, kwa kutaka kuokoa wakati, wakapaka mara moja. Nawasihi waache. Mafuta haya hukinga kwa kutanda utando mmoja usiokatika juu ya ngozi, na ukiyachanganya na kitu kingine utando huo hutoka na matundu, mfano wa paa la makuti lililosukwa kwa nafasi, ambalo kwa mbali ni paa na mvua ikinyesha ni uwazi. Wako pia wanaotegemea nambari iliyoandikwa kwenye faundesheni au poda yenyewe. Nambari hiyo yamkini ni ya kweli, lakini ili uipate ingekubidi upake faundesheni ya kujaza robo ya kijiko, na hakuna mtu mwenye jicho la uzuri atakayefanya hivyo. Ichukuliwe kuwa ni nyongeza juu ya msingi, wala isihesabiwe kuwa msingi.

Linabaki lile gumu kuliko yote, nalo ni kurudia. Jasho, mafuta ya ngozi, kujifuta kwa leso na miali yenyewe huuharibu ule utando, na matabibu hushauri upakwe upya kila baada ya saa 2 kwa aliye juani. Dada aliyejipamba kwa harusi au kwa kazi ya ofisini huuliza, na ana haki ya kuuliza, afanyeje ilhali uso umekwisha kupambwa. Aliye ndani ya nyumba tangu asubuhi, mbali na dirisha, hana haja ya kuhangaika kila saa 2. Na ajikinge upya kabla ya kutoka. Anayetoka na ajifute jasho kwa kugusa tu kwa karatasi laini, kisha agonge mafuta mepesi kwa sifongo safi juu ya mapambo, akianzia mashavuni, puani na juu ya mdomo, ambako madoa hupenda kukaa. Poda na dawa za kupuliza zenye kinga husaidia, lakini kiasi kinachobaki usoni ni kidogo, na katika jua la saa saba mchana nisingeziamini peke yake.

Kwa wasikilizaji wetu Waislamu jambo hili lina njia nyepesi ambayo sijasikia ikitajwa mara nyingi. Mafuta ya jua, na hasa yale yanayostahimili maji, hufanya utando, na vipodozi ni utando juu ya utando, ilhali udhu unataka maji yaifikie ngozi. Mwenye shaka na amwulize shekhe wake. Basi adhuhuri inapoadhiniwa, ambayo kwetu ni kati ya saa sita na saa saba, mtu huuosha uso wake vizuri kwa sabuni, akatawadha, akasali, na papo hapo uso u safi kabisa, tayari kupakwa upya vidole viwili kamili badala ya kubandika juu ya yaliyochakaa. Alasiri ikifika jua limeanza kulegea. Mpango wa ibada unaangukia saa ile ile ambayo ngozi inahitaji kurudiwa, na anayepaka vipodozi vyepesi hatapata taabu ya kuvirudisha.

Tena kuna kinga zisizofutika kwa jasho. Mwavuli, kofia ya ukili yenye ukingo mpana, mtandio ulioshushwa kidogo juu ya paji la uso, na kupita upande wa kivuli katika njia za Mji Mkongwe, hivi vyote hufanya kazi pamoja na mafuta na hupunguza mzigo wake. Wanawake wa Paje na Jambiani, huko Unguja, wanaolima mwani husimama majini saa nyingi, jua likiwapiga kwa juu na likirudi kwa chini kutoka kwenye maji na mchanga mweupe, na kwao kofia peke yake haitoshi, wala mafuta peke yake hayatoshi.

Na kwa ndugu zetu wenye ualbino, maneno yote niliyoyasema juu ya mapambo na madoa hugeuka kuwa maneno ya uhai. Ngozi yao haina ile kinga ya melanini, na saratani, ambayo kwetu ni nadra, kwao huja mapema na huua. Tanzania ina watu wengi wenye hali hii, ambao hukadiriwa kuwa takriban mtu 1 kati ya kila 1,400. Katika mji wa Moshi, kwenye chuo cha magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC, ilianzishwa kazi ya kutengeneza mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun kwa ajili yao, yatengenezwe hapa hapa na kugawiwa kliniki kwa kliniki. Kazi hiyo inastahili kuungwa mkono na kila mwenye uwezo. Mzazi wa mtoto mwenye ualbino asiyaone mafuta hayo kuwa ni anasa, wala shule isimvue mtoto huyo kofia yake kwa kisingizio cha sare.

Usiku kila kitu kiondolewe, kwanza kwa mafuta ya kusafishia au mafuta mepesi mengine, kisha kwa sabuni laini, maana utando unaostahimili maji hautoki kwa maji matupu, na ukilala nao huziba vitundu vya ngozi na kuleta chunusi, na chunusi kwetu, kama tulivyosema, huzaa madoa. Chupa isiachwe ndani ya gari wala kwenye kidirisha kinachopigwa na jua, kwani joto huiharibu dawa iliyomo. Na isomwe tarehe yake, pamoja na ile alama ya kikopo kilichofunguliwa yenye idadi ya miezi.

Vitu hivi vina bei, nami nayajua mapato ya wengi wanaonisikiliza. Mwenye fedha ya chupa moja tu mwezi huu na aiache seramu dukani, aiache na krimu ya kung'arisha, anunue mafuta ya jua yenye rangi inayokaribiana na ngozi yake, ayapake kwa vidole viwili. Na asiye na fedha ya chupa hata moja, anayeketi na beseni la samaki sokoni Feri, Dar es Salaam, au Darajani, Unguja, tangu alfajiri, aanze na kofia pana na mwavuli mkubwa uliokitwa imara upande wa jua, ausogeze kadiri jua linavyosogea.